Gololi au Rola? Beringi za Magurudumu ya Mbele kwenye Magari ya Zamani

Mwenye MG Midget, Morris Minor au Volkswagen Beetle ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 anapoanza kusikia muungurumo kwenye gurudumu la mbele, hupewa ushauri wa aina mbili usiopatana hata kidogo. Wa kwanza unamwambia ang'oe beringi za gololi zilizotoka na gari kiwandani, aweke za rola, mambo yaishe. Wa pili unamwambia asithubutu, kwa sababu rola zitakaza, zitachemka, na siku moja gurudumu litamtoka barabarani. Kila upande una ukweli wake, na ndiyo maana mabishano hayaishi. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba swali la gololi au rola ni dogo kuliko swali lingine ambalo huulizwa na wachache: kati ya beringi ya ndani na ya nje kuna nini, na mchezo wa gurudumu, yaani nafasi yake ndogo ya kusogea, utapimwa na nani, kwa kifaa gani?

Kilichomo ndani ya habu

Gurudumu la mbele la magari haya, pamoja na habu yake ya katikati, huzunguka juu ya stabu, kipande kifupi cha chuma kinachochomoza pembeni na ambacho chenyewe hakizunguki. Stabu hubeba beringi mbili: kubwa upande wa breki, ndogo upande wa nati. Kwenye baadhi ya magari, katikati ya beringi hizo hukaa spesa, bomba fupi la chuma linalogusa pete ya ndani ya kila beringi. Nati ikikazwa, nguvu yake hupitia kwenye washa, ikaingia kwenye pete ya ndani ya beringi ndogo, kisha kwenye spesa, kisha kwenye beringi kubwa, hadi kwenye bega la stabu. Vitu hivyo vyote hubanwa vikawa kama kitu kimoja. Kwenye magari mengine spesa haipo kabisa. Nati huishia kuegemea beringi ya nje kwa wepesi, na pini ndiyo huizuia isifunguke.

Gololi hugusa njia yake kwenye nukta ndogo sana, ilhali rola hugusa kwa mstari mzima wa urefu wake. Ndiyo sababu beringi ya rola hubeba mzigo mkubwa zaidi katika nafasi ile ile. Rola zinazohusika hapa zimechongwa mshazari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na habu inazibeba mbili zikitazamana kinyume ili moja izuie msukumo wa ubavu wa kulia na nyingine wa kushoto. Ukirefusha kwa mawazo mistari ya rola hizo na ya njia zake, yote hukutana kwenye nukta moja juu ya mhimili wa stabu, na kwa hiyo rola huviringika bila kuburuzika. Uvumbuzi huu una umri mkubwa kuliko magari yenyewe yanayozungumziwa. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko St. Louis, Marekani, alipata hataza yake pamoja na Reginald Heinzelman mwaka 1898, akitafuta beringi itakayostahimili mzigo wa juu na msukumo wa ubavu kwa wakati mmoja.

Lakini kuna mahali rola haiviringiki. Kitako chake kinene husukumwa kwenye ukingo wa pete ya ndani na kusuguana nao muda wote gari linapotembea. Msuguano huo huzaa joto, na joto hutanua chuma. Ongeza joto la breki lililo sentimita chache tu kutoka hapo, na nafasi ndogo iliyoachwa ndani ya beringi huzidi kupungua. Kama haikuachwa nafasi tangu mwanzo, rola hubanwa, joto huzidi, grisi huyeyuka na kutoroka, na kilichobaki ni chuma kwa chuma. Beringi za gololi za magari haya huvumilia kubanwa kidogo bila mashaka hayo. Hii ndiyo tofauti ya msingi: rola ina nguvu zaidi lakini inadai kupimwa, gololi ina nguvu ndogo lakini inasamehe.

Mkanganyiko ulikotoka

Viwanda vyenyewe vilichangia. MGA, iliyotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1955 hadi 1962, ilikuwa na gololi mbele. Mrithi wake, MGB, iliyoendelea hadi 1980, ikaja na rola. Volkswagen nao waliacha gololi za mbele za Beetle katikati ya miaka ya 1960 wakahamia rola. Mtu akitazama mwelekeo huo anaona wazi kwamba gololi ni teknolojia iliyopitwa, na kwamba kuweka rola ni kulipeleka gari lake pale ambapo wahandisi wenyewe walielekea. Hata hivyo MG Midget, iliyozalishwa kiwanda kile kile cha Abingdon kuanzia 1961, ilibaki na gololi hadi ya mwisho ilipotoka mwaka 1979. Wahandisi waliojua rola vizuri na kuzitumia kwenye MGB hawakuona sababu ya kuziweka kwenye gari dogo lenye uzito wa takriban kilo 700. Kwa hiyo historia haithibitishi kwamba gololi zilishindwa. Inaonyesha kwamba kila gari lilipewa beringi kulingana na uzito wake, magurudumu yake na bei yake.

Chanzo cha pili ni vipuri. Beringi za gololi za magari haya si za kawaida: zimetengenezwa kubeba msukumo wa ubavu, zina upande unaopaswa kutazama ndani na upande wa kutazama nje, na upana wa pete zake umelinganishwa na urefu wa spesa. Akija mtu na beringi ya gololi ya dukani yenye kipenyo sahihi lakini si ya aina hiyo, itaingia bila shida, gari litatembea, na baada ya muda mfupi itaanza kulia. Mwenye gari hulaumu gololi kwa jumla, na seti ya rola inayouzwa ikiwa kamili ndani ya boksi huonekana kama mkombozi. Amelinganisha gololi isiyo yake na rola mpya. Matokeo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa kabla.

Hoja ya kubaki na gololi

Wanaotetea gololi wana ushahidi mzito kuliko wanavyopewa sifa. Volkswagen Beetle zilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, na zote hizo ni za enzi ambayo Beetle ilitoka kiwandani na gololi kwenye magurudumu ya mbele. Zilipita matope, mawe na barabara za makunyanzi za Kenya, Uganda na Tanganyika kwa maelfu ya kilomita. Mtu anayesema kwamba gololi haziwezi barabara zetu ana deni la kueleza ushindi huo. Anaweza kujibu kwamba magari ya mashindano huhudumiwa kwa uangalifu usio wa kawaida na hubadilishwa vipuri mapema, na jibu hilo ni la haki. Ila linathibitisha jambo lingine, kwamba uhai wa beringi unategemea huduma zaidi ya umbo la chuma kilichomo.

Faida kubwa ya gololi zenye spesa ni kwamba hazina cha kurekebisha. Beringi ikiwa sahihi na spesa ikiwa sahihi, fundi anakaza nati kwa kipimo cha kitabu, anaweka pini, kazi imekwisha. Habu haina mchezo, diski ya breki haiyumbi, na pedi hazisukumwi nyuma kila gari linapokata kona. Na zikianza kufa, hufa kwa kelele. Dereva huwa na muda wa kutosha kusikia muungurumo unaobadilika sauti anapokata kona kabla jambo baya halijatokea.

Udhaifu wake nao ni halisi. Kwa kuwa gololi hugusa nukta, pigo kali la shimo la barabarani linaweza kuacha kovu kwenye njia yake, na kila gololi ikipita hapo kovu hukua. Kuziangalia ni kazi, maana haziachani vipande kama rola. Kuzitoa kwenye habu mara nyingi ni kuzigonga, na beringi iliyogongwa kwa pete ya ndani haifai kurudishwa. Na mwenye gari akiweka rimu pana zilizosogeza tairi nje, mzigo huondoka pale ulipokusudiwa, katikati ya beringi mbili, ukahamia kwenye beringi ndogo ya nje. Hapo hesabu inakuwa kali: mzigo ukizidi mara 2, umri unaokadiriwa wa beringi ya gololi hushuka hadi sehemu 1 ya 8.

Kwenye hesabu hiyo kuna jambo ambalo wauzaji wa rola hulipita. Kwa rola mteremko ni mkali zaidi: mzigo ukizidi mara 2, umri hushuka hadi takriban sehemu 1 ya 10. Rola huishi zaidi kwa sababu uwezo wake wa kuanzia ni mkubwa, na huiacha mbali nyuma mizigo ya gari dogo. Lakini rola iliyofungwa vibaya, ikabanwa na nati iliyozidi kukazwa, inabeba mzigo ambao haukuandikwa popote, na inaufikia mwisho wake haraka kuliko gololi.

Hoja ya rola bila spesa

Hii ndiyo njia inayopendwa zaidi, kwa sababu ni rahisi. Gololi hutolewa, spesa hutupwa, rola huwekwa, nati hukazwa huku habu ikizungushwa, kisha hulegezwa kidogo mpaka tundu la pini lipatikane. Watetezi wake wanasema, na ni kweli, kwamba magari mengi yamefungwa hivyo tangu kiwandani. Triumph Herald ya 1959 na ndugu yake Spitfire zina rola bila spesa. Land Rover za Series, ambazo zimebeba nusu ya historia ya barabara za Afrika Mashariki, zina rola zinazorekebishwa kwa nati tu. Beetle ya rola nayo hurekebishwa kwa nati yenye kibano, kwa mchezo wa milimita 0.03 hadi 0.12. Kama spesa ingekuwa muhimu kiasi hicho, wanauliza, imekuwaje magari yote hayo yakaishi bila hiyo?

Swali hili linastahili jibu kamili, kwa sababu ndilo kiini cha mzozo. Stabu inapobeba gurudumu hupinda, japo kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Hupinda juu kwa uzito wa gari, huzidi kupinda kwenye shimo, na hubadili upande kila kona inapobadilika. Ugumu wa chuma cha mviringo dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha 4 cha kipenyo chake, kwa hiyo fimbo ya milimita 25 ni ngumu mara 2.4 kuliko ya milimita 20 ingawa tofauti yao ni milimita 5 tu. Land Rover haina haja ya spesa kwa sababu habu yake inazunguka juu ya bomba nene, kubwa kuliko stabu ya Midget kwa mbali. Mhandisi wa Land Rover alipata ugumu wake kwenye kipenyo. Mhandisi wa MG alipewa stabu nyembamba, akapata ugumu wake kwa njia nyingine: aliivuta stabu kwa nati na kuibana spesa kwa nguvu hiyo hiyo, ili bomba hilo pana lisaidie kukataa kupinda, jinsi nondo zilizovutwa ndani ya boriti ya zege zinavyoifanya zege isifunguke nyufa. Ukiitupa spesa, stabu nyembamba inabaki peke yake, na mahali inapoumia zaidi ni kwenye shina lake, pale inapokutana na bega. Uchovu wa chuma huanzia hapo, kimyakimya, kwa ufa usioonekana mpaka habu itolewe.

Mtu anaweza kusema kwamba wapo walioendesha miaka mingi bila spesa na stabu haikuvunjika. Ni kweli, kwa sababu chuma kilikuwa na akiba na magari mengi ya zamani siku hizi hutembezwa polepole. Lakini akiba hiyo haikuwekwa ili ibadhiriwe na mtu anayeweka wakati huo huo tairi pana na rimu zilizochomoza. Hata Triumph, zilizoundwa bila spesa, zinajulikana kwa stabu kuvunjika zinapopelekwa kwenye mashindano, na wanaozikimbiza huweka stabu zenye nguvu zaidi. Ushahidi wa magari yaliyozaliwa bila spesa hauwezi kuhamishiwa kwenye gari lililozaliwa nayo. Pia pete ya ndani isiyobanwa huweza kujizungusha polepole juu ya stabu. Gari lililokusudiwa hivyo linalivumilia hilo, ila stabu ya umri wa miaka 60 iliyokwisha kulika hailivumilii.

Hoja ya rola, spesa na shimu

Njia ya tatu ndiyo iliyofuatwa na MGB yenyewe. Kiwanda kilipohamia rola hakikuiacha spesa. Kiliibakisha, kikaongeza shimu, yaani pete nyembamba za chuma zinazokaa kati ya spesa na beringi ya nje. Sababu ni kwamba beringi za rola hutofautiana kidogo moja na nyingine katika jinsi pete ya ndani inavyochomoza, na tofauti ya unene wa karatasi inatosha kuibana au kuilegeza habu. Shimu huziba tofauti hiyo. Matokeo yake ni kwamba nati inakazwa kwa nguvu kamili, Nm 54 hadi 95, stabu inapata ugumu wake wote, na hapo hapo rola zinabaki na mchezo wao wa milimita 0.05 hadi 0.10. Upana wa kipimo cha nati ulikusudiwa: unampa fundi nafasi ya kusonga mbele kutoka Nm 54 mpaka tundu la pini lilingane na pengo la nati, bila kulegeza hata kidogo.

Kazi yenyewe inadai subira. Habu hufungwa kwanza bila grisi, kwa mafuta mepesi tu, kwa sababu grisi nzito hudanganya kipimo. Huwekwa shimu nyingi kuliko zinazohitajika, nati hukazwa, na saa ya kupimia huegemezwa kwenye uso wa habu. Habu huvutwa na kusukumwa moja kwa moja, si kutikiswa juu na chini. Tuseme saa inaonyesha milimita 0.33. Shimu za MGB huja kwa inchi 0.003, 0.005 na 0.010, sawa na milimita 0.076, 0.127 na 0.254. Ikitolewa moja ya 0.254, hubaki 0.076, katikati kabisa ya kipimo kinachotakiwa. Kisha kila kitu hufunguliwa tena, hupakwa grisi, sili mpya huwekwa, na kipimo hurudiwa. Ni saa kadhaa kwa magurudumu mawili, na ndiyo gharama halisi ya njia hii. Bei ya beringi ni ndogo ukilinganisha.

Hatari yake kubwa ni pale mtu anapofunga rola kwenye gari la gololi akaitumia spesa ya zamani kwa kuwa imeingia. Spesa hiyo ilikatwa kwa pete za gololi. Ikiwa fupi mno kwa rola, nati itazisaga. Ikiwa ndefu mno, gurudumu litacheza hata nati ikikazwa hadi mwisho. Seti ya rola ya Midget au Minor isiyokuja na spesa yake na shimu zake haijakamilika, hata kama boksi limeandikwa kwamba imekamilika.

Barabara, grisi na mikono ya fundi

Hapa kwetu mizani inaongezewa mambo ambayo vitabu vya Uingereza havikuyapa nafasi kubwa. La kwanza ni vumbi na maji. Gari linalotoka kwenye lami ya mjini kwenda kwenye murram au kupita mkondo wa maji hufa beringi kwa sababu ya sili kabla ya kufa kwa sababu ya mzigo. Habu yenye joto ikiingia maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili iliyochoka. Rola zina faida ya kweli hapa: huachana na pete ya nje, huoshwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, hutazamwa moja moja, hupakwa grisi upya na kurudishwa. Kwa mtu anayesafiri mbali na mji, uwezo huo wa kukagua una thamani kuliko uwezo wa kubeba mzigo.

La pili ni upatikanaji. Beringi za rola za vipimo vya kawaida hupatikana Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani, Dar es Salaam, kwa kutaja namba iliyochapwa kwenye pete. Gololi maalumu za Midget au Minor zinaweza kuhitaji kuagizwa. Lakini wingi huo una upande wake wa pili, kwa kuwa beringi bandia nazo ziko nyingi, zikiwa na majina makubwa kwenye boksi. Rola bandia yenye chuma laini haina ubora wowote juu ya gololi halisi.

La tatu, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ni mikono. Fundi aliyelelewa kwenye Land Rover na malori anajua kukaza nati, kuzungusha habu na kulegeza kwa hisia, na kwa magari hayo hisia yake ni sahihi. Akiletewa MGB atafanya vile vile: ataitoa spesa na shimu akidhani ni vitu vya kuongeza usumbufu, kisha ataipa nati ulegevu ambao kiwanda hakikuukusudia. Kosa hilo halitokani na uzembe. Ni ujuzi wa gari moja uliohamishiwa kwenye gari la falsafa nyingine. Anayempelekea gari hilo ndiye mwenye wajibu wa kufika na kitabu, vipimo na shimu za akiba, na kuuliza kama saa ya kupimia ipo.

Kila gari na uamuzi wake

Kwa MGB hakuna cha kubadilisha: rola ni zake, na spesa na shimu zirudi zote, hata kama fundi aliyetangulia alizitoa. Zikiwa zimepotea, gari lisubiri mpaka zipatikane, na stabu ikaguliwe ufa kwenye shina kabla ya kufungwa. Kwa Beetle ya gololi inayotumika kawaida, gololi halisi zinatosha. Anayetaka rola achague zile zilizotengenezwa kwa stabu hiyo, na akumbuke kwamba nati ya gurudumu la kushoto ina uzi wa kinyume na kwamba kebo ya spidomita hupita katikati ya stabu ya upande huo.

Kwa Midget na Morris Minor ndiko uamuzi ulipo mgumu. Gari likiwa na rimu za asili, likitoka wikendi na kwenda Ngong Racecourse jijini Nairobi kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance, gololi sahihi zenye spesa yake ndizo bora, na pesa ya rola iende kwenye sili na mipira ya breki. Likiwa na rimu pana, breki kubwa au injini iliyoongezwa nguvu, rola zina hoja ya kweli, kwa sharti la seti yenye spesa na shimu na mtu wa kuzipima. Na kama kilichopo ni rola bila spesa pamoja na nati ya kukisia, basi hata gololi zilizotumika kwa uangalifu ni salama kuliko hizo, na ningelirudisha gari kwenye gololi kabla ya safari inayofuata.